Sikufika Tanuri la Juu

Kibaha, Jumamosi alasiri

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Janga kumuaga shangazi yako, na najua ukifika kule hutoki mpaka umekula. Basi nina alasiri nzima. Begi lako liko sebuleni limefungwa, na baba yako ameshalifungua mara mbili kuhakikisha hiki na kile. Habari za basi, za baridi ya Arusha, za kula na kulala kambini, mwachie yeye, ndizo anazozijua na ndizo zinazompa raha. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelibeba tangu Idi. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu. Mara ya mwisho ulikuwa unafua viatu vyako vya mbio pale bombani. Nilikuja nikasimama, nikakuuliza kama sabuni inatosha. Ukasema inatosha, Mama. Nikarudi ndani.

Ni habari ya kile kibao nilichokupiga kwa mjomba wako Omari, kule Kisarawe, mbele za watu.

Wewe unaijua nusu ya jambo lile, na siku ile hata mimi nilijua nusu tu. Nusu nyingine nimeipata baadaye, na mpaka leo sijarudi sawasawa. Ofisini napanga majalada, ghafla najikuta nimesimama na jalada mkononi, sikumbuki nilikuwa nalipeleka wapi. Wenzangu masjala wanadhani nina presha. Nimewaacha wadhani hivyo.

Hadithi ya mbio zangu umekua nayo. Nimekusimulia ukiwa mgongoni, nimekusimulia ukiwa unaota meno. Kwamba nilipokuwa darasa la saba, msichana wa miaka kumi na saba, maana siku zile tulianza shule tumeshakuwa wakubwa, yalikuja mashindano. Kwamba mwalimu wetu wa michezo aliipima njia kwa gurudumu la baiskeli yake, kilomita kumi kamili: unatoka uwanja wa shule, unapanda kati ya mikorosho, unaingia kwenye kilima cha mawe ya chokaa, ukifika kwenye tanuri unakata kushoto, unashuka bondeni, unavuka mto, unapita mashamba ya mpunga, unapanda tena mpaka shuleni. Kwamba walikuja wageni wawili kutoka shirika la umma la huku Kibaha, wanatafuta msichana mmoja wa timu yao ya riadha. Na kwamba mama yako aliwaacha wote, akaingia uwanjani peke yake, nyuma hakuna hata kivuli.

Yote hayo ni kweli. Nyuma hakukuwa na mtu. Nakumbuka nikipanda kutoka mtoni niligeuka, nikaona majani ya mpunga tu yanatikisika kwa upepo. Nikajiona ndege. Nilisema moyoni, kumbe Mungu ameniumba hivi na sikuwa najua.

Kitu ambacho sikukusimulia ni Chausiku.

Chausiku alikuwa msichana wa darasa letu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, asiyesema sana. Baba yake alikuwa mchoma chokaa. Ndiye aliyefika wa pili. Alinikuta nimekaa chini, nimefunikwa khanga, bado sijamaliza maji kwenye kikombe. Hakukaa wala hakuomba maji. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, huku gauni limemganda mwilini, akasema, "Mwajuma hakupita juu."

Mwalimu akaniita. Akaniuliza kama nilipita kwenye tanuri. Nikasema nilipita. Akaniuliza nilikata upande gani. Nikasema kushoto. Wageni walikuwa wanatazama, na mwalimu aliona aibu kwamba mwanafunzi wake anazua maneno mbele yao. Chausiku alichapwa pale pale, fimbo nne, kisha akaambiwa aniombe radhi. Alikuja akapiga magoti mbele yangu. Akasema, nisamehe Mwajuma. Nami, Zuhura, nikiwa nimekaa na khanga yangu begani kama bibi harusi, nilimjibu kwa sauti ili wote wasikie. Nilimwambia, "Nimekusamehe."

Wiki ile ile nikaletwa Kibaha.

Sasa tuje Idi. Ulisema unataka kukimbia njia ya Mama. Nilifurahi mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nilikuelekeza vilevile nilivyoelekezwa mimi: panda mikoroshoni, ukifika tanuri la chokaa kata kushoto. Ukaondoka asubuhi, nikakaa na wifi yangu jikoni nikimwambia huyu akirudi ni saa moja nzima, kule kuna mawe. Hata kitunguu cha pilau hakijaiva vizuri, wewe huyo umerudi.

Ulikuja umeshika simu, unaitazama. Ukasema ni kilomita saba na kidogo, siyo kumi. Nikasema simu yako inadanganya, vilimani mtandao hushika na kuachia. Hukubisha. Siku ya pili ukarudia, ikatoka vilevile. Tukakaa kula, watu wamejaa uani, na yule jirani wa mjomba wako, Mzee Kondo, akasikia tunabishana. Akauliza umekata kwenye tanuri lipi. Ukamwelezea. Akatikisa kichwa huku anatafuna, akasema hilo ni tanuri la chini, lilishakufa tangu enzi za babu zake. Wao walichoma chokaa kwenye tanuri la juu, nyuma ya kilima cha pili, na mbio za shule siku zote zilikwenda mpaka kule, ndiyo maana zinavuka mto mara mbili.

Ukacheka. Ukanigeukia, ukasema, "Kumbe Mama ulikata njia."

Sijui mkono wangu ulitoka wapi. Nilisikia mlio kabla sijajua ni mimi. Ulishika shavu, ukaniangalia, ukasema kwa sauti ndogo kwamba ulikuwa unatania. Nami nikageukia watu nikaanza kuhutubia kwamba watoto wa siku hizi wanaiamini simu kuliko aliyewazaa. Mzee Kondo aliweka kijiko chini na hakukishika tena.

Mtu humpiga mtoto kwa sababu nyingi, na nyingi ya hizo anazijua. Mimi ile sikuijua. Ningekuwa na hakika kwamba umekosea, ningecheka na wewe. Nimelifikiria sana hili. Tangu siku ile nikiona mkono wangu unataka kuinuka, au sauti yangu inapanda, najiuliza kwanza, Mwajuma, umeguswa wapi? Hasira yangu hujua mahali penye jeraha kabla mimi sijapajua.

Wewe uliacha kukimbia vilimani. Ukawa unakimbia lami ya Zegereni, kati ya viwanda, malori yanakupita na vumbi la saruji, na siku moja nikiwa kwenye bajaji nikakuona. Ulikuwa unakimbia umeinamisha kichwa. Nikataka nimwambie dereva asimame. Sikumwambia. Baadaye wakakuona watu wa riadha, wakakuita Arusha, na nilipopiga vigelegele pale mlangoni ulinikumbatia vizuri tu, kama mtoto mwenye adabu. Mimi nilitaka unikumbatie kama zamani.

Kilichoniamsha ni gauni. Nilikuwa masjala napiga muhuri barua zilizoingia, jambo la kila siku, ikanijia picha ya Chausiku amesimama mbele ya mwalimu. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka kifuani. Langu lililowa magotini tu. Nilikuwa nayo picha hiyo kichwani miaka yote, Zuhura, niliiona kila mara nilipoisimulia hadithi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini watu wawili wavuke mto mmoja, siku moja, mmoja alowe magoti na mwingine kifua. Muhuri ulinianguka. Ukabiringika mpaka chini ya kabati.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia baba yako nakwenda kumwona Omari. Sikwenda kwa Omari. Nilishuka shuleni, nikavaa raba zangu, nikaanza kupanda kati ya mikorosho peke yangu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na chupa ya maji. Nilifika tanuri la chini, nikalitambua mara moja. Ni shimo tu na ukuta uliobomoka, majani yameota. Mguu wangu wa kushoto ulitaka kukata wenyewe. Nikauzuia, nikaendelea juu.

Pale njia inakuwa mbaya. Mawe ni meupe, yamechongoka, yanakata soli. Nilipanda nikishika magoti, nikajiambia nikifika juu nitaona mahali ninapopajua, nitakumbuka, nitarudi nyumbani nikiwa na amani. Nikafika juu. Mbele yangu kulikuwa na kilima kingine, kirefu kuliko nilichokipanda, na kati yake bonde dogo lenye mto unaometa. Nikashuka, nikavuka, maji yakanifika kiunoni. Nikapanda cha pili.

Tanuri liko nyuma yake. Ni la duara, refu kuliko mtu, mawe yake yameungua yakawa rangi ya majivu. Mkuyu umeota ndani yake na kutokeza matawi kwenye mdomo wake. Nyuma ya tanuri kuna safu ya mawe marefu yamesimama kama meno ya chini ya mzee, mengine yamevunjika, na katikati kuna pengo. Ukisimama kwenye pengo unaliona bonde lote la Ruvu mpaka mbali, mto umejipindapinda, mashamba, moshi wa wachoma mkaa.

Nilikuwa sijawahi kupaona mahali pale maisha yangu yote.

Sikusahau, mwanangu. Mtu huweza kusahau njia, lakini pale mtu hapasahau. Sisi tulihamia kijiji kile nikiwa darasa la sita, upande wa pili wa shule, kuni tulikata kwingine. Sikuwahi kufika. Nikakaa chini juu ya mawe. Nikaanza kuvitoa vitu kimoja kimoja kichwani. Kazi yangu ilitokana na mahali pale. Baba yako alinikuta kwenye kazi ile, alipoleta barua dirishani kwangu na kusahau kuondoka. Nyumba hii. Wewe. Vyote vilitokana na mimi kupita mahali ambapo sikupita.

Na jambo baya kuliko yote nililiona nikiwa bado nimekaa. Chausiku aliniwahi nikiwa sijamaliza kikombe cha maji. Tuseme dakika tano, tuseme sita. Alikimbia kilima kizima zaidi, mto mmoja zaidi, kilomita mbili na nusu zaidi, akanikuta bado nahema. Wewe ni mkimbiaji, huhitaji nikufanyie hesabu.

Hapa Kibaha nilikimbia miaka mitatu katika timu ile na sikuwahi kushinda hata mara moja. Nilikuwa wa tano, wa sita, wa saba. Umesikia kwangu habari ya goti. Goti lilikuja mwaka wa tatu. Miaka miwili ya kwanza goti lilikuwa zima, na nilishangaa kila mara ile kasi ya siku ile imekwenda wapi. Nililaumu lami. Nililaumu chakula cha mjini. Wakanipa kazi ya ofisi, na nilikuwa nashukuru kwamba nimeaibika mahali ambapo nyumbani hawanioni.

Kuna kitu kimoja cha mbio ninachoweza kukuambia wewe unayenizidi kwa kila kitu katika mbio. Siku ukitazama nyuma usione mtu, usikimbilie kufurahi. Huenda umekuwa hodari. Huenda pia umepotea.

Wifi yangu ndiye aliyeniambia Chausiku aliolewa Dutumi na yuko huko mpaka leo, mjane, analima. Nilikwenda wiki mbili baadaye. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anamenya muhogo. Amenenepa kidogo, mvi zimetokeza kwenye ukingo wa kilemba, lakini shingo ni ile ile. Alinitazama muda mrefu, kisha akataja jina langu na la baba yangu, Mwajuma binti Sefu, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Akaniletea kigoda. Tukaulizana hali, watoto, waliokufa. Aliendelea kumenya. Nikaona nikingoja zaidi nitaagwa bila kusema.

Nikamwambia, "Chausiku, mimi sikupita tanuri la juu."

Kisu kilisimama. Hakuinua uso. Akauliza nimejuaje leo. Nikamwambia nimekwenda. Nikamwambia nilikata kwenye lile la chini nikidhani ndilo, kwamba sikujua kuna mawili, kwamba nilimjibu mwalimu nikiwa na hakika.

Akasema, "Umesema umekwenda. Niambie kuna nini kule."

Nilidhani ananipima kama nasema kweli. Basi nikaanza kumwelezea kama shahidi mahakamani. Nikamwambia tanuri la duara, nikamwambia rangi ya mawe, nikamwambia mkuyu. Akasema siku zile mkuyu haukuwepo. Nikasema sasa upo. Nikamwambia nyuma kuna mawe yamesimama kama meno, katikati pengo, na kwenye pengo unaliona bonde la Ruvu. Nilipofika hapo alichukua pindo la khanga akajiziba mdomo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa najua nimefanya nini.

Aliponyamaza akanieleza. Alisema siku ile aliporudi nyumbani baba yake alimpiga tena, kwa kumtia aibu. Mama yake alimwambia kushindwa si dhambi, dhambi ni kusingizia. Kijiji kizima kikamwimba. Alipoolewa, hadithi ikamfuata mpaka Dutumi, mume wake akawa anamtania nayo, na yeye mwenyewe mwisho akawa anaisimulia kama kichekesho, jinsi alivyoshindwa mbio akazua uongo. Aliisimulia hivyo mara nyingi, mpaka ikafika wakati hakujua tena. Alikuwa na ile picha ya mawe na bonde, lakini alijiuliza kama aliiona siku ya mbio, au siku nyingine akiwa na baba yake, au aliiota tu. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kutazama, si mbali hivyo.

Akasema, "Niliogopa nisiyakute."

Zuhura, nilikuja pale nikidhani nimemwibia kazi. Kumbe kazi ndiyo ilikuwa ndogo. Nilimnyang'anya macho yake. Miaka yote hii mwanamke huyu aliishi bila kuyaamini macho yake mwenyewe, na aliyemfanyia hivyo ni mimi, kwa kusema kweli. Kwa ile kweli ndogo niliyokuwa nayo mfukoni, niliyoidhani ndiyo yote.

Nilimwomba msamaha. Nilishuka kwenye kigoda, nikapiga magoti kwenye maganda ya muhogo. Akanishika mkono akaniinua haraka, kwa ukali kidogo, akasema nisirudie kufanya vile. Akasema fimbo za mwalimu zilipona wiki ile ile. Neno langu ndilo halikupona, lile la kumsamehe mbele ya shule nzima. Nikamwambia ndilo nililokuja kuliondoa. Akafikiri, akafuta kisu kwenye khanga.

Akasema, "La kusamehe tuliache. Nipeleke nikaone."

Tulikwenda Jumamosi iliyopita, ile siku niliyokuambia nina msiba wa mfanyakazi mwenzangu. Nisamehe na hilo. Tulipita kwanza kwa Omari. Nilikuwa nimemwomba awaite wale wale waliokuwepo Idi, na walikuja karibu wote. Omari alinivuta pembeni akaniambia niyaache, ni mambo ya kale, nitawaaibisha na marehemu baba. Nikamwambia marehemu baba hakukimbia. Nikasimama uani, Chausiku kaketi kwenye mkeka karibu na wifi yangu, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Nikasema Chausiku ndiye aliyeshinda mbio zile. Kisha nikasema nilimpiga mwanangu mahali hapa kwa kusema kweli, tena alikuwa anacheka, hakuwa na ubaya. Mzee Kondo akaitikia taratibu kwamba amesikia. Wifi yangu alimmiminia chai, akaijaza mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

Tukaanza kupanda. Alivua ndala zake mikoroshoni, akazishika mkononi, nikamwambia mawe ni makali, akasema anayajua. Tulipita tanuri la chini bila kusimama. Alinitazama tu kwa pembeni. Kilima cha kwanza alinisubiri mara mbili. Mtoni alinishika mkono. Kilima cha pili hakunisubiri, nami sikumwomba.

Nilipofika juu alikuwa amesimama kwenye pengo la mawe, ameweka kiganja kwenye jiwe moja, analipapasa. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama bonde lile kama mtu anayesoma barua. Nikakaa kwenye kivuli cha tanuri. Baadaye akanionyesha kwa kidole njia ya kushukia, ile ya mbio, inayokwenda mpaka kivuko cha pili na mashamba ya mpunga, na akasema pale ndipo alipopania siku ile kunipata, maana alijua mteremko ni wake, lakini alipotazama bonde zima hakuniona.

Akaniachia ndala nimshikie. Akapandisha khanga, akaifunga kiunoni kwa fundo, na kabla sijaelewa anataka nini, akateremka.

Zuhura, mimi nimekaa na wakimbiaji. Nimekuona wewe. Sijaona mwanamke wa umri wangu anakimbia vile. Hakuwa anatafuta pa kukanyaga. Mawe yale yale yaliyonikata soli aliyapita peku, mabega yametulia, mikono iko chini, anapinda njia inapopinda, hata vumbi halikuinuka sana. Alikwenda akawa mdogo, akaingia kwenye mto, akatoka ng'ambo amelowa mpaka kifuani, akaendelea kati ya mpunga. Hakugeuka hata mara moja kunitazama. Nilisimama kule juu na ndala mbili mkononi, kinywa wazi. Miaka yote nimekuwa nikisema nilimshinda Chausiku, na tangu nigundue kosa nikawa nasema sikumshinda kwa haki. Pale juu nikaona hata hilo la pili ni majivuno. Yule mtu mimi sikuwahi kukimbia naye. Nilikimbia mahali pengine, peke yangu, siku aliyokuwa anakimbia yeye.

Nilimkuta shuleni baada ya muda mrefu, amekaa kwenye majani ya uwanja, anacheka peke yake, anakausha khanga. Alichukua ndala zake, akaniuliza mwanangu anayekwenda Arusha anaitwa nani. Nikamwambia. Akalirudia jina lako mara moja, basi.

Sikuandika haya ili uniondolee mzigo. Wala sitaki uniambie si kitu, Mama, kama unavyosema kila ninapokosea, maana ni kitu. Ulisema kweli, nikakupiga. Ukanyamaza, nami nikakuacha unyamaze miezi mitatu kwa sababu kunyamaza kwako kulinifaa. Naogopa usije ukafika huko, ukaona jambo kwa macho yako, mkubwa mmoja akakuambia hukuliona, ukashika shavu na kukubali kwa sababu mama yako alikufundisha hivyo. Sikukufundisha. Nilikosea.

Nilikuwa nimepanga kukutia barua hii kwenye begi uisome njiani ukishapita Chalinze, mimi nikiwa mbali. Nasikia bodaboda inageuza pale kwenye kona, na sauti yako unamwambia dereva akuache hapo hapo getini. Nimebadili shauri. Nitakupa sasa hivi, mkononi, uisome mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Siku ile nilikupiga kabla hujamaliza kusema. Leo sema, mwanangu, useme mpaka uchoke, nami nitakaa hapa hapa nakusikiliza.

Mama yako,
Mwajuma